Na Mwandishi Wetu

Jumatatu, 4 Machi

Nimemkosea mtu. Naandika hivyo kwanza, kabla sijaanza kupindapinda maneno. Kazi ya kupindapinda naijua. Nimeifanya miaka kumi na tisa nikilipwa mshahara.

Leo tumegawiwa mafaili kwenye dawati la msaada wa sheria. Sisi wa mwaka wa tatu lazima tukae pale siku mbili kwa wiki, tuwasikilize watu wasio na wakili. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya viti. Meza tatu, feni inayolia bila kuzunguka, kabati halifungi. Tunakaa wawiliwawili. Mimi nimepewa binti tunayemwita Chiriku — jina limempata mwenyewe, mdomo haupumziki. Mimi wananiita Mjomba. Nina miaka arobaini na saba, wao ishirini na mbili. Siku ya kwanza niliingia darasani wakasimama, wakidhani ni mhadhiri. Wamenicheka mpaka leo.

Faili letu: mtunza stoo ya dawa wa hospitali. Miaka mitano iliyopita alishtakiwa kuiba dawa. Mahakama ilimwachia, ushahidi hakuna. Lakini hospitali ilishamfukuza zamani, na haitaki kumrudisha. Sasa yuko baraza la kazi. Anataka kazi yake, anataka jina lake.

Chiriku akafungua vielelezo vya hospitali. Namba moja barua, namba mbili barua, namba tatu kipande cha gazeti.

Nilikitambua kabla hajakikunjua. "Dawa za wagonjwa zakutwa uvunguni." Kichwa hicho nilikitunga mimi.

Akasoma kwa sauti, mambo yake yale: mwandishi wa habari hii alishuhudia maboksi kumi na moja yakitolewa uvunguni mwa kitanda cha mtuhumiwa.

Hakushuhudia! Mwandishi wa habari hii alikuwa kantini, anakunywa chai.

Na pale juu, mahali pa jina: Na Mwandishi Wetu.

 Nikamwuliza Chiriku kama ana kalamu ya ziada. Yangu ilikuwa mfukoni.

Jumatano, 6 Machi

Niiandike ilivyokuwa, angalau hapa.

Gazetini kwetu habari uliyokuwa na uhakika nayo uliweka jina lako. Ile ambayo miguu yake ni mifupi uliiandika Mwandishi Wetu. Hakuna aliyetufundisha, ulikuta wenzako wanafanya, ukafanya. Halafu ile ya kushuhudia. Ukipigiwa simu na mtu unayemwamini, unaandika umeona. Tulikuwa tunaiita kushuhudia kwa waya. Habari ya "polisi wamesema" inakwenda ukurasa wa saba. Habari ya "mwandishi ameona" inakwenda mbele.

Siku ile mpelelezi alinipigia. Tulizoeana, alikuwa ananipa habari na mimi nampa sifa. Akaniambia tumemkamata mtunza stoo, maboksi kumi na moja. Nikamwuliza yamekutwa wapi. Akasema kwake. Kwake wapi? Akacheka — andika uvunguni bwana, mwizi anaweka wapi tena?

Nikaandika uvunguni. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka pale kantini. Chai ilikuwa bado ya moto.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Tuliimba hiyo shule ya msingi. Mimi nilikitaka, nikakipata, na sikuinama.

Ijumaa, 8 Machi

Somo la ushahidi. Madam, mwalimu wetu, ndiye pia anasimamia dawati. Mwanamke mfupi, sauti ndogo, anatembea na chaki sikioni kama seremala. Akauliza: shahidi anaruhusiwa kusema nini?  Akaninyooshea kidole — Mjomba.

Nikajibu: alichokiona kwa macho yake, alichokisikia kwa masikio yake. Cha kuambiwa si chake.

Akasema vizuri sana, huyu ametoka kwenye kazi ya kutafuta ukweli, mnaona tofauti? Darasa likapiga makofi. Ya utani, lakini makofi.

Nilitoka nikaenda chooni. Nikanawa uso mara mbili.

Jumatatu, 11 Machi

Amekuja.

Nilimtarajia mtu mkubwa. Kwenye picha ya gazeti alionekana mkubwa. Ni mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, karatasi zake kwenye mfuko wa nailoni ambao ameukunja kwa mistari. Kila karatasi ina tarehe kwa penseli pembeni. Mtu wa stoo. Hawezi kuweka kitu bila kukiandikia tarehe.

Chiriku akamkaribisha. Yeye akaniangalia mimi. Akasema, afadhali na mtu mzima yupo, hawa watoto wanajua sheria lakini hawajui maisha. Chiriku akamjibu, baba, huyu tuko naye darasa moja, na mitihani ananiigilizia. Akacheka. Meno mawili ya pembeni hayapo. Tangu hapo ananiita wakili wangu, na sisi tunamwita Bwana Stoo.

Tukamwuliza maswali. Chiriku anaandika. Alishikwa kazini, si nyumbani. Maboksi yalikuwa stoo ya nyuma ya hospitali, dawa zilizokwisha muda, zinasubiri kuteketezwa, yeye mwenyewe ndiye aliyeziorodhesha. Nyumbani kwake polisi hawakufika hata siku moja.

Halafu akasema, bila kupandisha sauti: wakili wangu, kitanda changu hakina uvungu. Alikichonga marehemu baba. Mbao mpaka chini, mbele kina droo mbili za nguo. Panya hapiti.

Chiriku akaacha kuandika. Akauliza, hospitali hukuwaambia? Akasema niliwaambia. Wakaniambia mwandishi ameona kwa macho yake, wewe ni nani ubishane na macho ya mtu?

Nikadhani yamekwisha. Hayajaisha. Alikuwa na mama yake mzazi, mgonjwa wa moyo, anaishi kwa dada yake bwana huyu upande wa pili wa mji. Gazeti likamfikia huko, akasomewa. Akamwita mwanawe. Akamwuliza: mwanangu, huyo mwandishi aliona nini chini ya kitanda chako? Hakuna kitu mama. Lakini ameandika ameona. Ndiyo mama, lakini hakuna kitu, kitanda si unakijua? Mama akasema, kitanda nakijua, lakini mtu hawezi kuandika ameona kama hajaona. Itakuwa umenunua kingine.

Alipozidiwa alikataa kupelekwa hospitali ile. Aliona haya. Akafa wiki ya tatu. Bwana Stoo alisema hivi, nayaandika kama alivyoyasema: mama alikufa hajajua amwamini nani. Na mimi simlaumu, gazeti lilikuwa limeandikwa vizuri.

Limeandikwa vizuri!

Chiriku alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa napanga karatasi zake kwa tarehe. Zilikuwa zimeshapangwa.

Jumanne, 12 Machi

Chiriku kanivamia kwenye ngazi. Mjomba, wewe si ulikuwa gazeti lilelile? Humjui huyu Mwandishi Wetu?

Nikamwambia dawati lilikuwa kubwa, watu wanaingia wanatoka.

Akasema, huyu Mwandishi Wetu kwanza ni mchawi, babu yangu alikuwa anamsoma, baba anamsoma, hafi. Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Madam alikuwa anapanda nyuma yetu. Akasema taratibu: mtafuteni. Hospitali haina kingine, imeegemea kipande kile tu. Mwandishi akiapa kwamba hakuona, ukuta umeanguka. Asipopatikana, sioni njia. Na mwisho wa kupokea ushahidi ni Ijumaa ya tarehe 22, saa sita mchana. Karani wa baraza akishafunga dirisha, hata aje malaika hafunguliwi.

Siku kumi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda gazetini. Miaka mitatu sijakanyaga. Mlinzi bado yuleyule, akanipigia saluti. Ghorofa ya pili wamebadilisha meza, harufu ya wino na soksi haijabadilika.

Mhariri kanenepa. Akanikumbatia — wakili msomi! Tukakaa. Nikamwambia nataka kuona daftari la kazi la mwaka ule, lile la kuandika nani kapewa habari gani. Akauliza la nini. Nikamwambia.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akavua miwani, akaifuta na tai. Akasema, ndugu yangu, Mwandishi Wetu si wewe. Ni gazeti. Ni sote. Ndiyo maana hana jina. Wewe ukisimama useme ndiye mimi, kesho watakuja mia kuuliza na yangu je? Nikamwambia, lakini huyu mahakama ilimwachia na sisi hatukuandika. Akasema, uliandika, nakumbuka, mistari minne. Siku ile tulikuwa na tangazo kubwa, ikakosa nafasi.

Ni kweli. Mistari minne. Niliipeleka, haikutoka, sikuuliza. Mwezi uliofuata nikachukua fomu za chuo. Watu wote niliwaambia naacha gazeti kwa sababu kazi imekufa. Mke wangu nilimwambia ni mgongo. Kwenye barua ya kuomba nafasi chuoni niliandika hivi: nimeshuhudia raia asiye na hatia akipoteza kila kitu, nataka kusimama upande wake. Nilimtumia tena! Bila jina, bila kusema nani alimpotezea. Wakanipa nafasi. Madam aliwahi kuniambia barua yangu iliwagusa.

Mhariri akanisindikiza mpaka kwenye ngazi. Akasema, unajua wakili anayejishtaki mwenyewe? Anapata mteja mmoja tu maishani. Akanipigapiga begani. Daftari, alisema, lililiwa na mchwa.

Jumamosi, 16 Machi

Mchwa wake hawajafika kwangu.

Sanduku la bati, juu ya kabati. Madaftari yangu yote ya kazi. Nimelipata la mwezi ule. Ukurasa umeandikwa kwa mwandiko wangu wa haraka:

"4:10 simu, mpelelezi. M/stoo. Box 11. Kwake? — uvunguni (kasema andika). SIJAENDA. Sema nimeona."

Hilo SIJAENDA nimelipigia mstari. Kwa nini nililipigia mstari? Sikumbuki. Labda nilitaka kwenda baadaye.

Jikoni maji yalikuwa yanachemka. Nilisimama na ule ukurasa karibu na moto. Muda mrefu kidogo. Mke wangu akaingia, akaniuliza, unapika daftari? Nikamwambia natafuta namba ya simu. Akaniangalia kwa yale macho yake.

Nimelirudisha sandukuni.

Jumapili, 17 Machi

Nimemwambia.

Mke wangu ni fundi cherehani. Miaka mitatu hii ameshona sare za shule tatu ili mimi nisome. Chumba cha mbele chote ni vitambaa, tunapita upandeupande. Leo alikuwa anaweka kola. Nilianza kwa mbali, akanikatisha — baba watoto, sema, uzi unakwisha.

Nikasema yote. Kantini, simu, uvungu, mama wa yule bwana. Cherehani ikaenda, ikaenda, ikasimama.

Akasema, kwa hiyo mgongo ulikuwa hauumi. Nikasema hapana. Akasema, mimi nikakusugua mafuta mwaka mzima. Akakata uzi kwa meno. Akasema, nilikuwa nakusugua uongo.

Nikamweleza sheria. Mtu akitaka kuwa wakili anaulizwa mwenendo wake. Nikiapa kwamba nilibuni habari, kiapo hicho kitanisubiri mlangoni. Wanaweza kunizuia. Na chuo wanaweza kunitoa hata kabla, maana nimekaa na faili la mtu niliyemuumiza, wiki mbili, kimya. Nikamwuliza: unasema niende?

Hapo ndipo alipokasirika. Akatupa mkasi mezani. Akasema, usinitwishe! Ukienda ukafukuzwa, utasema mke wangu aliniambia. Usipokwenda, utasema nilimwonea huruma mke wangu. Mzigo wako, kichwa chako.

Nikasimama kutoka. Akaniita. Akauliza, yule mama alikufa kweli hajui? Nikamwambia ndiyo. Akarudi kwenye kola. Alikosea mshono, akafumua, akakosea tena.

Jumatatu, 18 Machi

Hatuongei. Binti yetu amepiga simu kutoka bwenini, akauliza mbona sauti zenu kama mmemeza mchanga. Tukamwambia mafua.

Nimekwenda kwenye dawati. Madam hakuwepo. Chiriku amepiga simu magazeti manne akimtafuta Mwandishi Wetu. Ana orodha ya majina. Jina langu lipo, la sita, ameweka alama ya kuuliza na kulikata mwenyewe.

Sikumwambia. Nilifungua mdomo, akaingia mtu.

Jumanne, 19 Machi

Hapana. Leo hapana.

Jumatano, 20 Machi

Nilimsubiri Madam nje ya ofisi yake. Saa nzima, kwenye benchi, kama mgonjwa. Akatoka, chaki sikioni. Akasema, Mjomba, mbona rangi yako hivyo?

Nikampa daftari, limefunguliwa kwenye ukurasa ule. Akasoma amesimama. Akasoma tena. Akauliza, mwandiko wa nani? Nikasema wangu.

Aliingia ndani, akakaa, hakuniambia nikae. Akauliza ni tangu lini najua kwamba faili ni lile. Nikasema tangu dakika ya kwanza. Akasema, na pale darasani, ulivyonijibu? Nikasema nilikuwa najua, Madam.  Sauti yake ni ndogo siku zote lakini leo ilibidi niinamishe kichwa kuisikia.

Alisema mambo matatu. Faili hili nisiliguse tena. Nafasi yangu chuoni yeye hawezi kuiahidi, itapelekwa kwenye kamati, na yeye ndiye atakayeipeleka. Na kiapo hakiandiki yeye wala Chiriku, nikiandike mwenyewe, kwa mkono wangu, maana kuandika si ndiyo kazi yangu.

Nikauliza kama nimwambie yule bwana au aambiwe na ofisi.  Akasema, safari hii nenda mwenyewe.

Chiriku alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kiasi gani. Hakusema neno. Chiriku! Hakusema neno. Akachukua ile orodha yake ya majina mezani, akaikunja, akatoka nayo.

Alhamisi, 21 Machi

Nimeandika kiapo. Mara saba. Miaka kumi na tisa nilikuwa natoa kurasa mbili kwa nusu saa, leo aya nne zimenichukua kuanzia asubuhi mpaka jua limegeuka. Kila mara naona neno limejipenyeza la kunisafisha. Kwa bahati mbaya. Nikafuta. Kama ilivyokuwa desturi ya kazi. Nikafuta. Nikiwa chini ya shinikizo. Chai ndiyo shinikizo? Nikafuta.

Kilichobaki: mimi ndiye niliyeandika. Sikufika. Sikuona boksi, sikuona kitanda. Niliambiwa kwa simu nikaandika nimeona.

Mke wangu alipita nyuma yangu na rundo la sare. Akasoma juu ya bega, nilisikia anavyopumua. Akasema, weka tarehe. Neno la kwanza tangu Jumapili. Nikaweka.

Saa tisa mchana simu ikaita. Bwana Stoo! Chiriku ndiye aliyempa namba, alisema, kaniambia nikupigie wewe mwenyewe. Wakili wangu, kesho nije saa ngapi? Nikamwambia saa tatu. Nije na nini? Nikamwambia njoo hivyohivyo. Akauliza, na yule mwandishi?

Nikasema amepatikana.

 Akasema, yuko hai? Nikasema yuko hai. Ni mtu wa namna gani?  Nikasema utamwona kesho.

Akasema — na sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza kitu dukani — mimi sitaki kumfanya chochote. Nataka aje nyumbani, niingie naye chumbani, anionyeshe huo uvungu. Basi. Akinionyesha nitanyamaza.

Nikamwambia nitamfikishia.

Kesho Ijumaa, tarehe 22. Saa tatu nitakaa upande wa pili wa meza, si ule wa wakili, nimwambie mimi mwenyewe kabla mtu mwingine hajamwambia. Saa nne dirisha la viapo, muhuri. Kabla ya saa sita karatasi iwe mkononi mwa karani wa baraza, na daftari pamoja nayo. Halafu, kama bado atataka kuniona, twende kwake, kwa miguu, kutoka kantini, ileile njia ya dakika ishirini.

Nifike mbele ya kitanda cha baba yake. Nipige magoti, niiname, nitafute.